Askari waliotazama tu nao wana hatia?

SWALI: Assalamu alaykum wakili. Mdogo wangu alikamatwa usiku hapa Amu, akafikishwa kituoni akiwa mzima. Askari mmoja alimpiga rungu mle ofisini mbele ya wenzake wawili. Mmoja alikuwa mezani akiandika OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, mwengine amesimama mlangoni. Ametoka mkono umevunjika. Majirani wanatwambia tumshtaki aliyepiga peke yake, hao wengine hawana kosa. Ni kweli?
Dada mtu, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Poleni sana, na Mungu amponye haraka.

Majirani wamekosea. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, anayemsaidia mwenzake kutenda kosa, au anayeacha kufanya jambo kusudi ili kosa litendeke, huhesabiwa naye amelitenda. Ni kweli kwamba mpita njia hatiwi hatiani kwa kuwapo tu mahali pa uhalifu. Lakini askari aliye zamu si mpita njia. Mtu aliye mikononi mwao kituoni ni amana yao, na kumlinda ni kazi wanayolipwa kuifanya. Huyo wa mlangoni, ikiwa alikuwa akizuia watu wasiingie, basi alisaidia.

Wa mezani ndiye ninayemtazama kwa jicho kali zaidi. Ameandika nini? Akiwa ameandika kwamba kijana aliletwa tayari ameumia, au ameanguka mwenyewe, hapo amejiingiza katika kuficha uhalifu, na hilo ni kosa jengine linalojitegemea. Ombeni namba ya OB ya usiku ule, na muwaeleze wapelelezi mapema wachukue OB, rejista ya mahabusu na orodha ya zamu kabla hazijaguswa.

Wala wasiwaambie kwamba waliamrishwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema wazi kuwa amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Jedwali hilohilo linamtaka mkuu wao aripoti mara moja kwa IPOA, Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, mtu anapojeruhiwa vibaya. Kama OCS, yaani mkuu wa kituo, alijua akanyamaza, mtieni naye katika malalamiko.

Kule Minneapolis, Marekani, askari aliyemkandamiza George Floyd shingoni mwaka 2020 hakuhukumiwa peke yake. Wenzake watatu waliokuwapo walipatikana na hatia mwaka 2022, wawili kati yao kwa kutomzuia. Na msiseme hayo ni ya ng'ambo: mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 huko Kwale, kesi iliyopelelezwa na IPOA.

Sasa fanyeni haya. Kwanza hospitali, King Fahd hapo hapo mjini, na mhifadhi karatasi zote za matibabu. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, hujazwa kwa kutegemea karatasi hizo. Kituo hicho cha polisi kikiwazungusha, ichukueni fomu hiyo kituo kingine. Kisha pelekeni malalamiko IPOA, ofisi yao ya Mombasa. Wewe dada waweza kuyapeleka kwa niaba yake. Msiandike "polisi walimpiga". Andikeni kila askari kwa jina au namba iliyo kwenye sare, alisimama wapi, alifanya nini, aliacha kufanya nini. Askari huhamishwa, leo yuko Amu, kesho Kiunga, na mwezi ujao hamtakumbuka sura. IPOA haishtaki yenyewe. Hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye huamua kwa kilichoandikwa humo.

Huenda mmoja wa hao wawili dhamiri ikamsumbua. Akija kwenu, msimtaje barazani. Mpelekeni kwa wapelelezi wa IPOA, kwani ushahidi wake waweza kuwa na uzito kuliko wa mtu yeyote mwingine, na kuna Shirika la Kulinda Mashahidi kwa watu kama yeye. Mji wenu ni mdogo na maneno hufika upesi.

Juu ya fidia: kesi ya madai dhidi ya serikali kwa kipigo kama hiki yatakiwa ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya tukio. Msingoje kesi ya jinai imalizike.