PATH ya Watumiaji Wapya: Iache Nukta Nje

Kwa yeyote anayesimamia seva ya Linux yenye watumiaji wengi, naomba asiiweke kamwe alama ya nukta, ambayo humaanisha saraka uliyomo, katika PATH ya mtu yeyote, yaani orodha ya saraka ambamo amri hutafutwa. Nilipokuwa nikihudumia maabara ya kompyuta ya chuo kimoja hapa Kisumu, niliiweka mwanzoni mwa orodha kwa kuwa wanafunzi walichoshwa na kuandika ./ kila walipotaka kuendesha programu walizozitunga. Sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, hupekua saraka za PATH kuanzia kushoto na kuendesha faili ya kwanza yenye jina lililotajwa. Basi mwanafunzi mmoja alipoacha skripti yake iitwayo ls, jina la amri ya kuorodhesha faili, katika saraka ya pamoja, kila aliyeingia humo na kuandika ls aliendesha kazi ya mwenzake bila kujua. Skripti ile haikuwa na madhara, lakini nyingine ingeweza kufuta faili zote za kila aliyeiendesha. Nukta pacha (:), ambayo hutenganisha saraka, ikisahaulika mwishoni mwa orodha ni sawa na kuiweka nukta hapo, kwa maana nafasi tupu inayoifuata nayo huhesabiwa kuwa saraka uliyomo; hapo haifuniki amri za mfumo, lakini jina lililokosewa bado laweza kuendesha faili ya mwingine.

Kurekebisha ndiko kulikonifunza zaidi. Mpangilio ule nilikuwa nimeuandika katika /etc/skel, saraka ambayo yaliyomo hunakiliwa katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji mara moja tu, akaunti inapofunguliwa. Kwa hiyo kuifuta nukta humo hakukuwasaidia wanafunzi waliokwisha kusajiliwa, ikanilazimu kupitia akaunti moja baada ya nyingine. Siku hizi yanayowahusu wote huyaweka katika faili fupi ndani ya /etc/profile.d, ambayo husomwa upya mtumiaji anapoingia.

Kwa mtumiaji wa kawaida, /usr/local/bin:/usr/bin:/bin zinatosha. Mimi huongeza $HOME/.local/bin, ambamo pip, zana ya kusakinishia, huweka programu za Python ambazo mtu amejisakinishia, na huiweka mwisho ili mwanagenzi asifunike amri za mfumo kwa bahati mbaya. Saraka za sbin, zenye amri za usimamizi, huwaachia wasimamizi, ingawa kuziondoa si ulinzi, kwani anayejua njia kamili ataiandika. Kazi za cron, yaani zile zinazojiendesha kwa ratiba, hazisomi faili hizi za mipangilio, hivyo humo andika njia kamili za amri.

Ukishabadilisha, toka, uingie tena kwa akaunti ya kawaida, si ya root (msimamizi mkuu), kisha uandike type -a ls uone ni faili zipi zinazopatikana na ipi inatangulia.