Muulizeni aliyeshika mwavuli

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kamera inatunyima raha ya matembezi?", limenigusa penyewe, maana nyumbani nimeshasemwa sana kwa hilo. Jibu langu ni hapana. Kinachoharibu matembezi ni mtu uliyefuatana naye. Ukiandamana na mwenye haraka, hata kamera ukiiacha kabatini utarudi umenuna.

Mimi hufuatana na shoga yangu wa Mombasa, ambaye kamera hana wala haitaki. Mwisho wa Oktoba, majani ya miti yakiwa yamegeuka rangi, tulikwenda bustani ya Stourhead kule Wiltshire, Uingereza. Wenzangu wa London mnaijua barabara ya A303 na foleni yake ikikaribia Stonehenge, kwa hiyo sielezi kwa nini tulichelewa. Tulikuta manyunyu, yale yasiyokufanya ukimbie na wala yasiyokuacha ukauke.

Wanaosema mvua si siku ya picha hawajajaribu. Mawingu hulainisha mwanga, vivuli vikali hutoweka, majani yaliyolowa hukolea rangi. Tatizo ni kwamba yanang'aa, na mng'ao ule kwenye picha hutoka weupe mtupu. Ndiyo maana huwa nafunga filta ya polaraiza mbele ya lenzi: unaizungusha taratibu, mng'ao unakufa, na wekundu wa ile miti ya Kijapani unatokeza wote.

Tulisimama upande wa kijijini. Mbele yetu daraja la mawe lililoota nyasi, kisha ziwa, na ng'ambo kabisa Pantheon, jengo lenye kuba na nguzo lililoigwa Roma. Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa. Henry Hoare, mwenye benki, aliuzuia mto Stour katika karne ya 18, akapanga mahekalu yake kando ya maji ili kila kona mtu apate kitu cha kutazama. Mwaka 1762 aliandika kwenye barua kwamba daraja, kijiji na kanisa kwa pamoja vingekuwa kama mchoro wa Gaspard, mchoraji wa mandhari. Yaani bustani ile ilijengwa iwe picha kabla kamera hazijazaliwa. Sasa mwenye kamera anamkosea nani?

Basi nikafunga tripodi, shoga akanishikia mwavuli juu ya kamera, yeye mwenyewe akilowa bega moja. Matone yalikuwa yanavuruga maji na kivuli cha Pantheon hakikai. Tukangoja. Mvua ikapungua, upepo ukaja. Upepo ukatulia, bata wakakatiza. Hatimaye ziwa likalala, nikagundua balaa jingine: filta inayoua mng'ao wa majani inaua na kivuli cha jengo majini. Nikizungusha huku, miti inawaka na maji yanakuwa meusi. Nikizungusha kule, Pantheon linarudi ziwani na miti inapauka. Huku, kule.

"Chagua moja bibi wee, mkono unakufa ganzi."

Nikachagua nusu ya hiki na nusu ya kile, nikabonyeza. Ile picha naipenda mpaka leo, na kama mna nafasi ukurasani nitawatumia.

Tatizo lilikuja garini. Kumbe wakati nimeinama, shoga alikuwa anasoma kwenye simu habari za akina Hoare, na alikuwa ananisimulia. Mwaka 1720 benki yao ilinunua na kuuza hisa za Kampuni ya South Sea, ikatoka na faida wakati wengine wanafilisika. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika watumwa kwenye makoloni ya Hispania huko Amerika. Si kusema kila jiwe pale limetoka huko. Benki ilikuwepo tangu 1672. Lakini shoga aliniuliza pale pale, mwavuli mkononi, mimi na yeye tuna haki gani ya kuyafurahia maji haya, au labda tuna haki kuliko wote. Nikamjibu "mm". Anasema niliitikia "mm" kwa kila kitu, hata alipouliza kama nataka chai.

Vilevile ananisimulia lile pango la bustanini, sanamu ya binti aliyelala na maji baridi yakitiririka chini yake. Nililipita. Ninachokumbuka ni kufuta lenzi.

Kwa hiyo, Mhariri, naona nimeanza na hapana na sasa kalamu inaelekea ndiyo. Ndiyo kidogo. Inategemea kamera ya nani na raha ya nani: yangu haikupungua, ya aliyeshika mwavuli sijui mlikusudia kuiuliza. Tumekubaliana safari ijayo mzunguko wa kwanza kamera ikae begani, tuzungumze. Wa pili ni wangu. Ila tukikuta ukungu umetanda juu ya ziwa asubuhi, makubaliano hayo yasihesabiwe, na yeye hilo analijua.

Msomaji wenu, London