Bonge la Damu Kwenye Mapafu ya Mzee: Hali ya Jana Ndiyo Kipimo cha Kwanza

Katika miaka yangu ya uuguzi kwenye wodi za wazee, hakuna ugonjwa ulionifundisha kumsikiliza ndugu wa mgonjwa kama damu kuganda kwenye mapafu. Chuoni tulifundishwa kumtambua mgonjwa anayeshikwa ghafla na maumivu ya kifua yanayochoma kila anapovuta pumzi, anayekohoa makohozi yenye damu, na ambaye mguu wake mmoja umevimba. Wapo wanaokuja hivyo hivyo. Lakini mzee wa miaka 75 au 80 anaweza kuwa na bonge kubwa la damu kwenye pafu bila kulalamikia kifua wala kukohoa damu, na pasipo mtu anayejua alivyokuwa juzi, ugonjwa huo hupita mbele ya macho ya wengi bila kutambuliwa.

Kwa kawaida bonge huanzia kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, za ndani za mguu, za paja au za nyonga. Kipande chake hukatika, kikasafiri na damu hadi upande wa kulia wa moyo, kisha kikasukumwa kwenye ateri za mapafu na kukwama pale mshipa unapopungua upana. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeishi katika karne ya 19, anakumbukwa kwa mambo matatu yanayochangia hali hii: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuelekea kuganda upesi. Mzee aliyevunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji na kulala kitandani, huwa nayo yote matatu kwa wakati mmoja. Saratani, kiharusi kilichopooza mguu na moyo unaoshindwa kazi huongeza hatari, na umri peke yake huiongeza pia.

Dalili ninayoitilia maanani kuliko zote ni kuishiwa pumzi kulikoanza ghafla au ndani ya siku chache, bila sababu iliyo wazi. Inayofuata ni kuzimia. Bonge likiziba sehemu kubwa ya mishipa ya mapafu, upande wa kulia wa moyo huelemewa, damu inayofika upande wa kushoto hupungua, na ubongo hukosa damu kwa muda. Namkumbuka bibi mmoja aliyeletwa kwa sababu alianguka bafuni. Kila mtu alikuwa akiangalia jeraha la kichwani, mpaka binti yake alipotaja, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na kwamba tangu juzi alikuwa akisimama kupumzika kati ya chumba chake na sebule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha mwelekeo wa uchunguzi wote.

Wengine huja wakiwa wamechanganyikiwa, au wamedhoofika tu na kukataa chakula, au wana homa ndogo inayofanya watu wafikirie nimonia. Mgonjwa wa moyo au wa mapafu ya siku nyingi huonekana kana kwamba maradhi yake ya zamani yamezidi, naye huongezewa dawa zile zile. Mapigo ya moyo, ambayo kwa wengi huenda mbio, yanaweza kubaki ya kawaida kwa mzee anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo kama atenololi au bisoprololi. Picha ya eksirei nayo inaweza kuonekana safi, na mgonjwa mwenye oksijeni ya chini huku eksirei yake ikiwa safi anapaswa kututia wasiwasi zaidi, si kututuliza.

Kwa hiyo, unapompeleka mzee hospitalini, usiseme tu kwamba anapumua kwa shida. Eleza ni lini hasa ilianza na wiki iliyopita aliweza kutembea umbali gani. Taja upasuaji wowote wa ndani ya wiki 4 zilizopita, siku alizolala bila kutembea, saratani, bonge la damu la zamani, safari ndefu ya kukaa, na dawa zote anazotumia. Ifunue miguu yote miwili uilinganishe, maana uvimbe wa shavu la mguu mmoja hufichwa kwa urahisi na nguo au soksi.

Kipimo cha damu cha D-dimeri, kinachotafuta mabaki ya bonge linaloyeyuka, kina kasoro kwa wazee, kwa sababu kiwango chake hupanda pamoja na umri hata pasipo bonge. Ndiyo maana kwa watu waliozidi miaka 50 madaktari wengi huzidisha umri kwa 10 ili kupata kikomo, yaani kiwango ambacho chini yake bonge huhesabiwa kuwa halipo, badala ya kutumia maikrogramu 500 kwa lita kwa kila mtu, hivyo kwa mzee wa miaka 78 kikomo huwa 780. Njia hiyo, iliyopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, inawafaa wale ambao uwezekano wa ugonjwa si mkubwa. Ukiwa mkubwa, mgonjwa hupelekwa moja kwa moja kwenye CT skani ya mishipa ya mapafu. Figo zikiwa dhaifu, kwa kuwa dawa inayochomwa kwa ajili ya CT inaweza kuzidhuru, daktari anaweza kuchagua kipimo kingine, ikiwemo altrasaundi ya miguu.

Familia nyingi huogopa dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu mzee huanguka mara kwa mara. Hofu hiyo ina msingi, lakini izungumzwe na daktari, isiwe sababu ya kuacha dawa kimyakimya, kwa kuwa matibabu huchukua angalau miezi 3. Msimpe dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki bila kuuliza, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Akipata choo cheusi, ambacho huashiria damu kuvuja tumboni, au akigonga kichwa hata kama anasema yuko sawa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Na mguu uliovimba ghafla usikandwe wala kusuguliwa kabla haujapimwa. Ikiwa uvimbe huo umefuatana na kuhema au kuzimia, aondoke nyumbani papo hapo, hata kama ni usiku wa manane na hali inaonekana kutulia.