Juisi ya matembele na damu ya mtoto

Mama mmoja ameniuliza kama juisi ya matembele inatosha kumwongezea damu mtoto mwenye malaria, bila dawa. Hapana mama, juisi ya matembele haichukui nafasi ya dawa ya malaria, hata ukimpa mtoto asubuhi na jioni. Majani yana madini ya chuma ya kutengeneza damu kweli, lakini chuma cha mboga huingia mwilini kidogo kidogo, na vitamini C hukisaidia kuingia. Ndiyo maana mimi nachemsha majani kwa maji safi, nasubiri yapoe, halafu nakamulia ndimu au maracuja (pasheni). Chai naiweka mbali na chakula chake, inazuia chuma. Nauza mboga Kadutu, hapa Bukavu, miaka mingi, wanangu watatu wote wameinywa.

Ila sombe mbichi (majani ya muhogo) usimsagie kamwe! Ina sumu ya sianidi, lazima itwangwe na ichemke sana. Aliye chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu.

Na ukifungua kiganja chake ukakuta kimekuwa cheupe, au anahema mbio, tafadhali usingoje juisi ifanye kazi. Mbebe mgongoni, mfikishe kituo cha afya usiku huo huo, huenda anahitaji kuongezewa damu.