Weka chini hiyo tochi ya noti kabla hujafungua chupa ya jeli ya kucha

Dada, weka tochi chini. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Kwanjula ya dada yako, ile sherehe ya kumtambulisha bwana kwa wazazi, ni Jumamosi ijayo, unataka kujichorea maua ya kucha mwenyewe hapo nyumbani, umeshanunua chupa mbili za jeli ya kucha huko Kikuubo, sokoni Kampala, na kwa kuwa taa ya jeli ni ghali, utazikaushia kwa ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia. Kisha unauliza utumie brashi gani, rangi gani itakwenda na gomesi ya kijani, hilo gauni letu la sherehe, na maua yachorwe vipi. Na wote walionitangulia kukujibu wanabishana habari ya brashi. Brashi! Nyumba inaungua, watu wanachagua mapazia.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2022. Tochi ya aina hiyo hiyo, na kwa unavyoeleza labda hata kibanda ni kile kile. Nilipomuuliza muuzaji kuhusu taa alicheka: "Nnyabo, taa ya nini? Zambarau ni zambarau." Nikamwamini, maana alisema kwa sauti ya mtu mwenye digrii ya zambarau. Na nilikuwa nimeshatazama video ya dada mmoja anayefanya hivyo, kucha zinang'aa kama vioo. Leo ningeweka rehani kitenge changu kwamba taa ya kweli ilikuwa imefichwa chini ya meza ya dada huyo.

Jioni hiyo umeme ulikatika kwetu Nansana, nikajiona mjanja kweli kweli: wenzangu gizani, mimi nina tochi. Niliishika kwa meno, mate yakinitiririka kidevuni, nikipaka mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Rangi ilikuwa hafifu, nikaona niipake nene mara moja yaishe. Ikafurika hadi kwenye ngozi ya pembeni mwa kucha, nikaifuta kwa kidole. Kila kucha nikaimulika dakika mbili. Nikagusa, ngumu! Nikajiita injinia.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye shida. Rangi ya kawaida hukauka kwa sababu maji yake makali huruka hewani, ndiyo ile harufu inayokupanda puani. Jeli haikauki, inagandishwa. Ni chembechembe zinazoshikana pale tu zinapopigwa na mwanga wa aina yake, wenye nguvu ya kutosha, kwa muda wa kutosha, kutoka juu mpaka chini. Tochi ya noti inamulika kaduara, tena kwa nguvu ya kuonea alama kwenye karatasi. Kwa hiyo juu panaganda, chini panabaki pabichi. Umewahi kula chapati iliyochomwa kwa moto mkali? Nje imeiva na madoa yake mazuri, ukiuma ndani ni unga. Tofauti ni kwamba chapati utaitema. Ule ubichi unakaa kidoleni siku kumi, unaingia ngozini taratibu, na wewe unapiga picha.

Na mara ya kwanza hautakufanya kitu! Ndiyo maana yule dada wa video anacheka. Kwanjula ya binamu yangu ilipita salama, nikasifiwa mpaka na upande wa bwana. Nikarudia baada ya wiki tatu, salama. Mara ya tatu, ya Idi, siku ya pili ncha za vidole zikaanza kuwasha kama nimeshika upupu. Vikaja vilengelenge vidogo kama punje za mtama, vikapasuka, ngozi ikachanika. Kumenya matoke nikashindwa. Ndimu ndiyo usiseme. Simu ilikataa kunifungulia kwa alama ya kidole, haikunijua tena. Kope zikavimba, kwa sababu mtu hujigusa macho bila kujijua. Kucha mbili zikaachana na nyama yake, ukiziangalia chini ni peupe.

Duka moja la dawa likanipa krimu ya fangasi. Nikapaka mwezi mzima, bila kuibandua jeli, nikizidi kuoza vidole. Hawakuniuliza hata swali moja. Mwisho nikaenda kwa daktari wa ngozi, akashika mkono wangu, hata sijakaa vizuri, akauliza: "Unapaka jeli?" Basi. Jumla ya yote, daktari, dawa na boda boda, ilikuwa kama shilingi 340,000. Saluni ingenitoza 40,000. Hesabu hiyo sijamwambia mume wangu, na wewe usimwambie.

Na mzio huu hauondoki. Nimepona vidole, lakini nikigusa jeli leo, kesho nawashwa. Kucha za akriliki ndiyo basi. Hata kwa daktari wa meno lazima niseme kabla hajaziba jino, kwa kuwa dawa nyingi za kuzibia ni ndugu wa jeli. Nilipoanza kumsimulia habari za kucha zangu alinitazama kama nimekosea mlango.

Hebu igeuze hiyo chupa yako. Kama imeandikwa chochote, tafuta herufi ndogo kama mayai ya chawa zinazosema ni kwa wataalamu tu. Umoja wa Ulaya tangu 2021 unalazimisha maneno hayo kwenye jeli zenye kemikali iitwayo HEMA, ambayo ndiyo mchokozi mkubwa wa mizio hii. Muuzaji wangu wa zambarau hakunisomea.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: KINACHOHITAJI TAA HAKIKAI NYUMBANI KWANGU. Najua atatokea mtu hapa aseme nunua tu taa inayolingana na jeli, paka nyembamba, usiguse ngozi. Ni kweli, rafiki yangu mmoja anafanya hivyo miaka sasa na yuko salama. Lakini yeye mkono hautetemeki. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mkono wako wa kushoto "ni wa mapambo". Na usijidanganye na glavu nyembamba, jeli huzipenya ndani ya dakika chache.

Chukua rangi ya kawaida inayokauka yenyewe. Ianze Ijumaa jioni, si Jumamosi asubuhi mnapotafutana vibanio na mikanda ya gomesi. Matabaka mawili membamba. Kabla ya kuchora, gusanisha kucha mbili polepole, zikinatana hata kidogo, subiri tena. Kisha kichwa cha pini ya nywele: nukta tano za mduara, moja ya rangi nyingine katikati, hilo ni ua. Ukitaka petali, vuta kila nukta kuelekea katikati kwa kijiti cha meno ingali mbichi. Rangi ikiwa nzito usiitilie asetoni, utaiharibu chupa nzima.

Mkono wa kulia mwite kijana wa kikapu, wale wanaozunguka mitaani na chupa zao wakizigonganisha. Wanachora wima, juani, katikati ya kelele za taksi, na mstari haupindi. Mwangalie tu kikapuni, akitoa kitaa cha jeli, mshukuru aendelee na safari.

Kuhusu gomesi ya kijani, nimesahau kabisa nilitaka kusema nini. Mimi siku hizi ni hina tu, ile ya majani yenyewe ya kulala nayo, si ile nyeusi ya nusu saa, maana hiyo nayo imemchubua shangazi yangu mkono mpaka kiwikoni na nikianza kuisimulia hatutalala.