Madaktari tarajali, si kila homa ni seftriaksoni

Nimepitia mafaili ya wodi ya wanaume na karibu kila ukurasa ni seftriaksoni, antibiotiki ya sindano: nimonia, UTI, kidonda cha mguu, hata homa isiyojulikana imetoka wapi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Seftriaksoni si Panadol. Tangu 2017 WHO imeiweka kwenye kundi la dawa za kuchungwa ili zisizoeleke.

1. Jua dawa inampiga mdudu wapi. Penisilini, sefalosporini (ukoo wa seftriaksoni) na kabapenemu hukamata vimeng'enya vinavyounga ukuta wa bakteria. Ukuta unalegea, bakteria anapasuka. Na asiye na ukuta je?

Hapo ndipo nilipoumbuka. Nikiwa tarajali kama ninyi nilipokea kijana wa shule ya bweni: homa, kikohozi kikavu, picha ya kifua mbaya kuliko alivyoonekana mwenyewe. Nikaandika seftriaksoni gramu 1. Homa ikagoma, nikapandisha hadi gramu 2. Maabara wakarudisha FBP, kipimo cha chembe za damu: sampuli imeganda. Nikamfokea sista mbele ya wagonjwa kwamba hakutikisa chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Sista, mtu wa umri wa mama yangu, akatoa damu nyingine bila neno. Nayo ikarudi. Mtu wa maabara akaniita, akainamisha chupa: damu imeshikamana vipunje vipunje kwenye kioo kama mchanga uliolowa. Akaifumbata kiganjani kwa muda, vipunje vikaachana. "Haijaganda, daktari. Inasikia baridi."

Zilikuwa antibodi za baridi, zinazogandamanisha chembe nyekundu damu ikipoa, na ukiziona kwa kijana mwenye nimonia ya aina ile, mfikirie Mycoplasma pneumoniae, bakteria asiye na ukuta kabisa. Hata ningemwaga ndoo nzima ya seftriaksoni, hapakuwa na cha kubomoa. Tukampa azithromaisini, ambayo hukaa kwenye ribosomu na kuzuia protini zisitengenezwe. Kijana akapona. Sista nilimwomba radhi, lakini alinichunia mpaka nahama wodi ile.

2. Gentamaisini nayo hupiga ribosomu, ila bakteria huiingiza ndani kwa kutumia oksijeni, na ndani ya jipu oksijeni haipo. Toboa, toa usaha. Hupewa mara moja kwa siku kwa sababu huua kwa kupanda juu kwenye damu. Ampisilini huua kwa kukaa muda mrefu, kwa hiyo dozi ya saa sita usiku haina mjadala. Mnaosinzia zamu mmesikia. Na msizichanganye kwenye bomba moja, zinaharibiana.

3. Siprofloksasini hukwamisha vimeng'enya vinavyokunjua DNA. Ikimezwa pamoja na vidonge vya madini chuma au dawa ya kiungulia yenye magnesi au aluminiamu hunaswa tumboni, haifiki ya kutosha kwenye damu. Tenganisheni saa.

4. Metronidazoli huamshwa ndani ya bakteria wasiotumia oksijeni, kisha huvunja DNA yao. Sasa mgonjwa yuko kwenye amoksisilini-klavulanati, ambayo hao tayari inawapiga. Metro ya nini tena? Nimeuliza, nikajibiwa, "Tuliikuta kwenye chati."

5. Vankomaisini ni molekuli kubwa, haipiti utando wa nje wa bakteria wa Gram hasi, kama E. coli. Kuna mtu ana E. coli kwenye majibu ya kalcha (kuotesha vijidudu maabara) na vankomaisini peke yake kwenye chati. Aje na faili lake kabla ya raundi ya kesho, wakati bado najifanya sijaliona.