Jibu: Filamu za majaribio zilivukaje mipaka?

Ndugu, umeuliza filamu fupi za majaribio, yaani zile zinazojaribu mitindo mipya ya kisanaa, zilifikaje nchi nyingine ilhali majumba ya sinema hayakuzitaka. Kwa kiasi kikubwa, wasanii walizisambaza wenyewe.

Anza na mkanda wa milimita 16. Ulitoka 1923 kwa ajili ya watu wa kawaida, mwepesi na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35. Filamu ya dakika kumi iliingia kwenye kopo dogo la bati, ikatumwa kwa posta, na projekta ikawashwa popote penye ukuta mweupe. Mtengeneza filamu Maya Deren alikodi ukumbi New York mwaka 1946 akaonyesha kazi zake mwenyewe, na mfano huo uliwapa wengi moyo.

Hatua iliyonigusa zaidi ni ya 1962, mtengeneza filamu Jonas Mekas na wenzake walipoanzisha ushirika wa watengeneza filamu huko New York. Haukuchuja kazi ya mtu. Kila msanii alibaki na haki zake, na sehemu kubwa ya fedha za kukodisha ilirudi kwake. Nauona uamuzi huo kuwa wa kijasiri hadi leo. London nao wakaanzisha wao 1966.

Matamasha yalisaidia pia, hasa Knokke, Ubelgiji, kuanzia 1949, ambako watu wa nchi mbalimbali walikutana uso kwa uso.

Ukitaka kuzitazama zenyewe, tafuta kwanza maonyesho ya mkanda halisi. Chembechembe zake na mlio wa projekta ni sehemu ya kazi.